Kaseti za Baba pale Ihanda

Nyie vijana mtakaosoma haya, mkae vizuri kwanza. Mnanunua simu Kayanga, kicheza nyimbo kimo ndani tayari, hamkukiomba wala hamkukichagua, mnadhani ndivyo dunia ilivyoumbwa. Sivyo.

Tulipokuwa wadogo Ihanda, redio ilikuwa redio tu, nayo ilikuwa kwa Ta Bitegeko, mzee jirani yetu. Baba yangu alikuwa na teprekoda isiyo na redio, kazi yake kaseti tu. Jumapili baada ya misa watu walisikiliza habari kwa Bitegeko, halafu wakavuka migomba kuja kwetu kusikiliza nyimbo. Mimi nilianika betri juani zipate nguvu, nikarudisha kaseti nyuma kwa kalamu ili tusimalize betri. Mgeni alipewa kahawa za kutafuna kiganjani. Mama alikuwa ameshafariki. Siku nyingine zote baba na mimi tulikula ndizi kimya.

Halafu maduka ya Kayanga yakaleta redio zenye kaseti humohumo. Ukitaka redio tupu, muuzaji anakwambia hakuna, zote zinakuja hivyo. Watu walipouza kahawa, kila nyumba ikanunua yake. Nani avuke migomba tena kufuata alichonacho mezani?

Baba hakukubali kushindwa. Alibeba teprekoda yake hadi kanisani, akarekodi kwaya yetu, pamoja na jogoo aliyewika katikati. Kaseti hiyo haikuuzwa duka lolote. Jumapili ile ua ulijaa, watu wanacheka kusikia sauti zao, wanamtania Bitegeko, naye mwanakwaya, kwamba jogoo kamzidi kuimba. Baba alicheka mpaka jino la mwisho.

Wakati wa kuaga, Bitegeko akasema, "Rafiki yangu, tuazime hiyo kaseti tukaisikilize nyumbani."

Baba akampa. Jirani utamnyimaje? Kaseti ikatembea nyumba kwa nyumba hadi Kituntu, baba akabaki. Jumapili iliyofuata alijaza kahawa kwenye kikapu, akakaa mlangoni mpaka giza likaingia. Kisha akaniambia, "Rudisha kahawa ndani, mwanangu. Wana redio zao."

Leo wajukuu zangu wanakaa sebule moja, kila mmoja kaziba masikio na wimbo wake. Naita, hakuna anayeitika. Nyimbo mnazo nyingi kuliko sisi, sibishi, lakini nikiwatazama namwona baba mlangoni. Basi kwangu nimeshasema na sirudii: toeni hivyo vitu masikioni. Anayetaka wimbo aupige, sote tusikie. Asiyetaka, jembe liko nyuma ya mlango.