Tawi la Castory

Castory hakuwahi kuelewa kwa nini mtu mwenye nauli mfukoni akimbie kilomita hamsini na mbili msituni. Enzi zake, aliyekimbia katika msitu wa Nyamihanga alikuwa na sababu, na sababu yenyewe ilikuwa nyuma yake imevaa sare. Lakini waandaaji wa mbio walipopanda kijijini Kalinzi kutafuta mtu anayeujua msitu mpaka chini ziwani, kila waliyemuuliza aliwaelekeza kwenye shamba lake la kahawa. Wakamkuta mzee wa miaka sitini na moja, mkavu kama ukuni, goti moja bovu. Wakampa fulana ya njano na mabunda ya tepe nyekundu, wakamwomba aweke alama njia nzima.

Aliujua msitu kweli, ila ujuzi huo hakuupata kwa kibali. Miaka kumi na moja alipasua mbao za mninga humo kwa msumeno wa watu wawili, mmoja juu ya gogo, mwingine shimoni chini yake. Castory alikuwa wa chini. Wa chini ndiye anayekula vumbi, na mpaka leo akikohoa, mkewe Agnesi humwambia hapo amekohoa kabati la mtu.

Wapasua mbao walikuwa na ujanja wao. Desturi ya huku hata watoto wanaijua: ukifika njia panda na wenzako wako nyuma, unalaza tawi bichi kwenye njia ambayo hukuifuata, nao wakiliona wanajua hapo pamefungwa. Wao wakaigeuza. Tawi walililaza kwenye njia yao wenyewe, na ile nyingine wakaiacha wazi, ili askari wa misitu aifuate, akaishie kwenye shimo la zamani lililofunikwa na magugu. Walicheka sana kwa ujanja huo.

Waliacha kucheka siku askari kijana aitwaye Nikodemu alipotumbukia akavunjika nyonga. Castory alikuwa ng'ambo ya bonde, ubao begani, akamsikia akimwita mama yake. Alisimama kidogo. Kisha akashuka na wenzake kwenye mitumbwi, na kijana akaja kuokotwa kesho yake na akina mama wa kuni. Sasa Nikodemu anatengeneza redio Ujiji, anachechemea, na kila Castory akipita hapo huinuka nusu kitini na kusema, "Shikamoo, Mzee." Hajui. Castory huitikia marahaba akitazama chini, na siku hiyo ugali haumpiti kooni.

Siku ya mbio alipangwa kituo cha mwisho cha maji pamoja na jirani yake Yunisi, mama mwenye sauti ya amri ambaye zamani aliwapikia wapasua mbao. Saa nne asubuhi akatokea mkimbiaji wa kwanza, Erica, mwalimu wa sekondari aliyehamishiwa Kidahwe kutoka Mbeya.

"Shikamoo, Mzee. Mbele kuna alama?"

"Marahaba, mwanangu. Zipo. Wewe shuka tu."

Akanywa vikombe viwili, akatokomea. Yunisi akabaki kumtazama Castory kwa jicho la pembeni.

"Tepe si uliniambia ziliisha jana?"

"Ziliisha. Ila pale njia panda ya mwisho nimelaza tawi. Atapotea vipi?"

"Umelilaza upande gani?"

Castory akageuka kuitazama njia ya kushuka. Jana alilikata lile tawi akiwaza palizi ya kahawa, na mkono ukalitupa kama ulivyozoea kulitupa miaka kumi na moja. Mkono haukumwuliza.

"Castory," Yunisi akasema polepole, akiweka jagi chini. "Umelaza kama zamani."

Castory akatoa simu. Simu haikushika mtandao hata alama moja, na kwa mbali juu ya kilima walishasikia sauti za wakimbiaji wengine.

"Wazuie wote. Asipite hata mmoja."

"Wakinikatalia?"

"Lala njiani!"

Akakimbia. Njia panda alilikuta tawi lake limelala kwenye njia ya kweli, majani bado mabichi, na alama za viatu vya Erica zikielekea kule kulikoachwa wazi. Fulana ilimbana kifua, akaivua akaichomeka kiunoni. Baada ya kona mbili akamwona mbele.

"We! Rudi! Rudi wewe!"

Erica akageuka. Aliona mwanamume kifua wazi, macho yamemtoka, anamkimbilia na panga mkononi. Panga lile la kufyekea Castory alikuwa amesahau kwamba analo, maana mkulima na panga lake ni kama mtu na kidole. Mwanamke gani angesimama? Alitimka mbio ambazo hakuwa nazo tangu asubuhi, na kila Castory alipopaza sauti alizidi kumsukuma kule kule.

Akafunga mdomo. Akalitupa panga. Njia ile huzunguka kilima chote kabla ya kufika shimoni, lakini upande wa chini kulikuwa na mteremko waliokuwa wakiporomoshea magogo. Akajitupa hapo kwa makalio, miiba ikimchana mgongo, goti likilia kama mlango mbovu. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa sare yoyote. Kilichomtisha ni kwamba alijua sauti itakayofuata. Alishaisikia mara moja.

Shimo alilipata kwa nyayo, pale ardhi ilipoanza kuwa laini. Magugu yalikuwa yameliziba kabisa. Kulizunguka hakukuwa na muda, na akimrukia yule binti kutoka kichakani atamrusha humo humo. Basi akafanya alichokifanya kila asubuhi ya ujana wake: akaingia shimoni. Ngazi waliyoichonga ukutani bado ilikuwepo. Akasimama juu yake, akang'oa magugu kwa mkono mmoja, na kwa mwingine akapunga fulana ya njano juu ya kichwa.

Erica akatokea konani kwa kasi, akaona kichwa cha mzee kimeota ardhini, akafunga breki kwa visigino. Kokoto ikampita Castory sikioni, ikadondoka chini, ikachukua muda kulia. Erica alikuwa ameshaokota jiwe.

"Usinisogelee!"

"Siwezi kukusogelea, mwanangu. Niko shimoni."

Ndipo alipotazama. Aliona mdomo wa shimo, akaona hatua mbili zilizobaki kati yake na hilo shimo. Jiwe likamtoka mkononi. Akalala kifudifudi, akampa mikono yote miwili, akamvuta.

Walirudi taratibu kwa sababu ya goti. Njiani Erica akauliza, "Nani alilaza lile tawi?"

Nyani wangeweza kusingiziwa. Huku nyani husingiziwa mengi na hawajawahi kukanusha.

"Mimi," Castory akasema. Akaeleza kwa nini, na akishaanza hakuweza kuishia katikati, akafika mpaka kwa Nikodemu, mpaka kwa ile sauti ya kumwita mama. Hakuwahi kumwambia mtu, hata Agnesi.

"Na yeye anajua?"

"Hajui. Ananipa shikamoo."

Erica hakumlaumu wala hakumfariji. Walipofika njia panda aliinua tawi mwenyewe, akalilaza kwenye njia ya shimoni, akakaza kamba za viatu, akaendelea na mbio zake.

Jumamosi iliyofuata Castory aliteremka Ujiji akiwa na fimbo. Nikodemu alikuwa kibandani, redio imefunguliwa tumbo mezani na nyingine ikiimba pembeni. Alimwona mzee, akashika meza, akaanza kuinua ule mwili wake wenye upande mmoja mzito.

"Shikamoo, Mzee."

"Usiinuke. Na usinisalimie kwanza," Castory akasema, akiegemeza fimbo mezani. "Kaa, nikuambie unamsalimia nani."

Nikodemu akarudi kitini. Kisha akanyoosha mkono, akaizima redio.