Mstari wa Makwasinyi

Sijui nani aliwaambia watu kwamba hesabu haina moyo. Asubuhi ile ya mkutano pale Voi, wangu ulidunda mpaka nikaogopa bosi atausikia.

Kazi yangu katika ofisi ya elimu ni kubashiri. Nachukua idadi ya wasiojua kusoma, mwaka baada ya mwaka, naichorea mstari, kisha naangalia unaelekea wapi. Mstari wa kwetu ulishuka vizuri ajabu. Bosi akawaambia wageni, "Miaka michache tu tutakuwa tumemaliza. Darasa la ngumbaru la Makwasinyi tulifunge, mwalimu aende kwingine."

Nyuma ya ukumbi walikaa wanafunzi wenyewe wa ngumbaru, kina mama watu wazima kutoka huko Makwasinyi, chini ya mlima Kasigau, walioitwa waje kushukuru. Mmoja wao ni mama yangu. Alikuwa ndio kwanza anaanza kuunganisha silabi.

Na mimi nilijua mstari ule ni uongo. Nilikuwa nyumbani likizo watu wa takwimu walipokuja. Mtoto wa kaka yangu akawajibu haraka, "Hapa sote tunasoma." Mama ameketi papo hapo anachambua kunde, kimya. Kwetu mtoto hamwambii mgeni kwamba nyanya yake hajui kusoma, ni matusi. Na kila boma hujibu vivyo hivyo. Sasa hesabu gani itapona?

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Lakini uchi wa mama, jamani!

Nikasimama. "Bosi, huo mstari si wa kweli. Watoto wanawafichia wazazi wao aibu."

"Ebo! Umeuchora wewe mwenyewe. Ushahidi uko wapi?"

"Mama yangu yule pale nyuma. Hajui kusoma, na kwetu tuliandikwa sote tunajua."

Niliona aibu mpaka masikio yakawaka. Mama akainuka polepole, akakaza leso yake kiunoni.

"Ni kweli," akasema bila kuniangalia. "Nimefika katikati ya kitabu cha silabi. Mkifunga, nitabaki hapo hapo katikati."

Jirani yake akainuka, "Na mimi kwetu niliandikwa najua." Halafu mwingine, mpaka benchi lote likawa tupu. Bosi akakohoa, akasema darasa liendelee.

Safari nzima ya kurudi Makwasinyi mama hakunisemesha. Nikaomba radhi, wapi! Tulipofika mlangoni ndipo akageuka.

"Mwanangu, siku nyingine ukitaka kunivua nguo mbele za watu, niambie mapema nijifunge leso mbili."