Kimya cha Kawajense

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilitoka Kenya kwenda Mpanda kufundisha Kiingereza, kazi yangu ya kwanza. Mkuu wa shule akanipa nichague: chumba mjini karibu na stesheni, au nyumba Kawajense, pembeni mwa mji. Nilikwenda kuiona Januari. Milango mingi ilikuwa na kufuli, hata redio haikusikika. Nikasema hapa hapa! Sipendi kelele nikisahihisha madaftari.

Lakini kila jioni nilijiuliza, hivi wenye nyumba hizi ni watu gani? Shuleni nikaona aibu kuuliza.

Mwezi wa sita wakarudi karibu wote kwa mpigo, na magunia ya mahindi, kuku, watoto na redio zao. Kumbe mvua zikianza huhamia mashambani mpaka wavune. Nilikasirika kama mtu aliyetapeliwa.

Siku ya pili mama wa jirani akaniletea karanga za kuchemsha. Nikamwamkia.

“Marahaba, mwalimu,” akasema, akiniangalia kwa huruma. “Sasa miezi yote hiyo ulikuwa unaamkiana na nani?”