Kura Niliyompigia Boay

Siku Mama Martini aliponiuliza swali jepesi nikakosa jibu, mjukuu wangu, naikumbuka kama ya juzi, na kila nikiikumbuka nacheka peke yangu.

Jana imenirudia tena. Ulikuwa hapo nje na wenzako mkibishana juu ya wagombea urais, nami niko ndani nachambua mchele. Nikamsikia mmoja akisema atampa kura fulani kwa sababu ni mtu wa kwetu. Mwingine akasema yule mwingine hafai, ukimtazama rangi tu unajua si mwenzetu. Wewe ulicheka tu. Sikutoka kuwakatiza, maana napenda nyumba yenye kelele za vijana. Lakini mwaka huu ndiyo mara yako ya kwanza kupiga kura, basi kaa kidogo nikuhadithie kura yangu ya kwanza. Nayo ilikuwa ya rais, ingawa rais mwenyewe alikuwa wa wanafunzi.

Nilikuwa mwaka wa pili chuo cha ualimu, huku huku Babati. Tulikuwa na serikali ya wanafunzi yenye rais na mawaziri, ambao walipanga foleni ya ugali kama sisi wengine. Mwaka huo waligombea wawili. Wa kwanza alikuwa Boay, kijana wa kijiji cha Mutuka, Mgorowa kama mimi. Mrefu, anaimba vizuri kwaya, na akicheka bwalo zima linageuka. Kuongoza kitu chochote alikuwa hajawahi. Wa pili alikuwa Nasrin, Mhindi. Yeye na baba yake walizaliwa hapa hapa mjini, na duka lao la sabuni na vipuri vya baiskeli lilikuwa karibu na stendi. Mwaka uliotangulia Nasrin alikuwa katibu wa kamati ya chakula.

Mimi nikawa mpambe mkuu wa Boay. Nilizunguka mabweni yote. Sera sikuwa nayo, maana Boay mwenyewe hakuwahi kuniambia anataka kufanya nini, kwa hiyo nilibeba neno moja tu: "Huyu ni wetu. Yule Mhindi atajuaje shida zetu?" Neno hilo lilipokelewa vizuri, na lilivyopokelewa ndivyo nilivyozidi kulisema. Siku moja nikiwa nalisema kwa sauti bwenini, nikageuka, nikamkuta Nasrin amesimama mlangoni na ndoo ya maji. Aliitua, akanitazama, akapita kwenda kitandani kwake. Nilijisikia vibaya kidogo. Kesho yake nikaendelea.

Jumamosi ikawa zamu yangu ya jikoni. Mpishi wetu mkuu alikuwa Mama Martini, mama mtu mzima wa Bonga, mwenye mikono minene na masikio yanayosikia kila jambo la chuo.

"Shikamoo, Mama Martini."

"Marahaba. Kaa hapo uchambue maharage. Nasikia unampigia debe Boay."

"Ndiyo, mama."

"Unampendea nini?"

"Ni wetu, mama."

"Haya, ni wetu. Wetu wa kufanya nini?"

Nilitazama maharage kana kwamba jibu limeandikwa humo.

Mama Martini akaendelea kukoroga. "Mwaka jana maharage yalipoingia wadudu, nani alikuwa anakuja hapa kila asubuhi kabla ya darasa, anachambua na mimi mpaka magunia yakaisha? Nani alikwenda kwa mkuu wa chuo mpaka mzabuni akabadilishwa?"

"Nasrin," nikasema kwa sauti ndogo.

"Basi shida zenu anazijua kwa mikono yake. Sasa niambie ukweli, binti. Boay unampendea nini?"

"Amesema nitakuwa waziri wa michezo."

"Na nini kingine?"

Uso ulinijibia. Mama Martini alicheka mpaka akaweka mwiko chini. "Kama unamtaka kijana, mwambie kijana. Usimwangushe binti wa watu kwa rangi yake, na sababu yako unaijua ni nyingine."

Ungefikiri niliacha. Sikuacha.

Jumatatu wagombea walijinadi bwaloni. Sisi wapambe tulikuwa tumepanga kumuuliza Nasrin swali kwa Kigorowa, ashindwe mbele ya watu wote aonekane mgeni. Nikasimama mimi. Nikamuuliza kwa Kigorowa maji yakikatika kiangazi atafanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Yustina, sijaelewa," akasema. "Niulize kwa Kiswahili, ili na wenzetu wa Kigoma na Songea wasikie."

Bwalo likajaa makofi. Mwanangu, nilikuwa nimesahau kabisa kwamba zaidi ya nusu ya chuo hawakijui Kigorowa. Nilitaka kumtenga mtu mmoja, nikawatenga wote waliokaa mbele yangu. Nikabaki nimesimama, Kiswahili chenyewe kimenikimbia. Aliyeniokoa ni Boay. Aliinuka kitini kwake akalitafsiri swali, taratibu, bila kunicheka.

Nasrin akajibu. Alisema tenki la nyuma ya bweni la wavulana limepasuka chini tu, fundi amekwisha kuliangalia, likizibwa na kuunganishwa na mabati ya bwalo litatunza maji ya mvua kwa wiki kadhaa. Boay alipoulizwa swali hilo hilo alikuna kichwa, akasema, "Mimi nitamuuliza Nasrin." Watu walicheka, na mkuu wa chuo akavua miwani kufuta macho.

Siku ya kura, nikiwa na karatasi mkononi, nilijua kabisa nani anafaa. Nikampigia Boay. Niliona haya kugeuka, ingawa pale ndani hapakuwa na mtu wa kuniona.

Nasrin alishinda. Lakini usidhani wote waliompigia walikuwa na busara kuliko mimi. Rafiki yangu mmoja alimpa kura kwa sababu baba yake Nasrin ana duka, akitumaini sabuni za bure. Sabuni hizo hakuziona. Na Nasrin mwenyewe hakuwa malaika; alifuta disko la mwisho wa muhula tukamnunia wiki nzima. Ila kiangazi kilipofika tulioga.

Nilikwenda kumwomba radhi akiwa anafua. "Siku ile mlangoni nilikusikia," akaniambia. "Iliniuma." Maumivu hayo hakuyapunguza, wala hakuyakuza. Akakamua gauni lake, akasema, "Lakini swali la maji lilikuwa zuri. Njoo kwenye kamati ya tenki." Mpaka leo akija Babati kuwaona ndugu zake hapiti bila kunywa chai hapa kwetu Bagara. Ndiye yule unayemwita Bibi Nasrin.

Na kijana nikamwambia, kama Mama Martini alivyonishauri. Mama Martini ndiye aliyepika pilau la harusi yetu. Tulipokuwa na watoto watatu, nilimuuliza babu yako siku ile kura yake alimpa nani. "Nasrin," akasema. "Wewe ulitaka nimpe nani?" Tulicheka mpaka watoto wakaamka kutoka usingizi wao wa mchana. Fikiria: kura niliyoona haya kuibadilisha, mgombea mwenyewe hakuitaka.

Sasa mwanangu, mimi sikwambii umpe nani urais. Hilo ni lako na karatasi yako. Ninachokuomba ni kwamba kabla hujaweka alama, ujiulize kwa kweli unampendea nini huyo, na unamkatalia nini yule. Ukikuta jibu ni rangi, au kabila, au kitu ulichoahidiwa wewe peke yako, rudi ukafikiri tena. Tazama amewahi kufanya nini, kisha waulize waliokuwa chini yake, maana wapo waliokaa kwenye uongozi miaka mingi na wasijifunze kitu. Sababu yako ikiwa ya aibu, ikubali moyoni ni ya aibu. Usiivike maneno ya kumtukana mtu ili ipendeze. Na ukiona umekosea, geuka, hata kama umeshasema sana mbele ya watu. Mimi sikugeuka, na nashukuru wenzangu walikuwa na akili ya kunishinda.

Wenzako waambie waje tena Jumapili wabishane, nitawapikia makande.

Mungu akupe macho ya kumwona mtu na kazi ya mikono yake. Akupe ulimi usioumiza jirani, na marafiki wa kukucheka unapokosea na kukukaribisha unaporudi. Uipige kura yako kwa amani, urudi nyumbani salama, na nchi hii ikulee mpaka uwe na wajukuu wa kuwahadithia.