Sauti Yangu Kwenye Sanduku la Mninga

Sauti iliyowaita watu waje kumuua fundi wetu ilikuwa yangu mwenyewe. Naanza na hilo ili msomaji asinihurumie mapema. Waliompiga siku ile nawajua mmoja mmoja, kwa majina yao na ya baba zao, na nani alishika nini. Sitaandika hata jina moja. Wengine wamekufa, na wengine wajukuu wao wameoa kwangu.

Tulikuwa tunakaa Ibadakuli, upande wa mashambani, katikati ya miaka ya tisini. Mume wangu alikuwa amerudi kutoka machimbo ya Geita baada ya misimu minne. Aliondoka mtu wa ng'ombe, mpole, akarudi na kovu kutoka sikioni hadi kidevuni na mkono mwepesi. Kule mashimoni, alisema, mtu akikuuliza swali mara mbili unampiga nyundo. Nyumbani wa kuuliza mara mbili nilikuwa mimi. Jino langu la mbele lilibaki kwenye kizingiti mwezi uleule aliorudi, kwa ajili ya chumvi.

Dhahabu aliyoipata hakununulia ng'ombe. Alinunua muziki. Kule Geita alikuwa ameingia nyumbani kwa mnunuzi mmoja wa dhahabu, akakuta ukuta mzima ni kabati, na ndani ya kabati mashine zimepangwa kama sahani: amplifaya, deki ya kaseti, ekolaiza yenye taa zinazopanda na kushuka, na kila upande spika ndani ya sanduku lake. Alisema ukiweka glasi ya maji mezani, maji yanacheza. Tangu hapo hakuwa na habari nyingine. Alizileta mashine moja moja kwenye basi, kazifunga blanketi, kazipakata mapajani kama mtoto mgonjwa. Akanionyesha kwa kidole.

"Umeziona?"

"Nimeziona."

"Ukigusa, nakukata vidole."

Niliamini. Nilikuwa nafuta vumbi la meza nikizunguka kwa mbali.

Fundi, seremala aliyeitwa atutengenezee kabati kama lile, alikuwa mtu wa Tanga. Naye alikuja kwa ajili ya dhahabu, shimo likamfukia mpaka kiunoni, akatoka humo akasema randa haimfukii mtu. Alikuwa mfupi kuliko mimi, mwembamba, na mdomo haufungi. Mbao za mninga zilitoka Ushetu. Alifanya kazi barazani kwetu majuma matatu, na mimi nikipepeta mpunga pembeni yake nilijifunza mengi. Amplifaya inachemka, kwa hiyo kabati lake lazima liwe na matundu nyuma. Sanduku la spika halipigwi misumari, linafungwa kwa gundi na skrubu, maana msumari hulegea muziki ukigonga. Chini ya masanduku alikata vipande vya mpira wa tairi, vilevile tunavyoshonea makatambuga, ili sakafu isitetemeke. Na ndani alitaka pamba.

"Ya dukani?" nikamuuliza.

"Ya dukani ya nini, Mama, na nyie mmelala juu ya pamba? Nipe ya shambani. Sauti ikiingia mle inalala, haipigi makelele ukutani."

Nikampa magunia mawili. Masanduku yalinifika kifuani. Mbele hayakuwa na ubao, yalikuwa na fremu ya kitambaa cheusi ambayo unaibana pembe nne inashika yenyewe. Majirani walikuja kuangalia. Mmoja wao, mkulima wa mpunga wa boma la karibu, alikula ugali na fundi karibu kila siku, na utani wao haukuisha.

"Fundi, hayo ni majeneza."

"Yako nimeshalipima, mzee. Miguu itabaki nje."

Sasa nieleze kuhusu mwano, kwa sababu fundi hakuujua, na hapo ndipo kosa lilipotokea. Kwetu Usukumani mwano ni mlio wa hatari. Akivamiwa mtu, anaupiga. Ukiusikia unatupa jembe, unashika silaha, unakimbilia unakotoka, na njiani wewe nawe unaupiga ili wa mbele zaidi ausikie. Unatoka boma hadi boma, kijiji hadi kijiji. Asiyetoka anahesabiwa ni mwenzake na mwizi. Hakuna anayesimama kuuliza, maana anayeuliza anamkuta mwenzake ameshakufa. Na mimi sauti yangu ya mwano ilijulikana mpaka ng'ambo ya mbuga.

Mwaka mmoja kabla ya hapo tulimwoza binti yetu. Shemeji yangu aliweka redio kaseti dirishani inase ngoma. Katikati ya sherehe, kaseti imeshageuzwa upande wa pili, wezi wakaswaga ng'ombe wa jirani, na niliyewaona kwanza nilikuwa mimi, nimesimama hapohapo dirishani. Nikapiga mwano. Harusi nzima ikakimbia na mikuki, redio ikabaki inanasa peke yake. Kaseti ile tuliisikiliza mara nyingi, lakini upande wa kwanza tu. Watu walicheza, wakairudisha nyuma, wakacheza tena. Upande wa pili hakuna aliyewahi kuusikiliza.

Siku yenyewe mume wangu aliondoka asubuhi kwa baiskeli kwenda mjini, kwenye duka la Mhindi mmoja, kuchukua spika ya pili. Ilikuwa imechanika njiani kutoka Geita na ilikuwa inashonwa. Spika ya kwanza fundi alikwisha kuifunga kwenye sanduku lake. Sanduku la pili lilikuwa na pamba tu na kitambaa chake. Jua lilikuwa bado halijafika kichwani.

"Mama, nipe kaseti yenye vurugu," fundi akasema. "Nataka nisikie kama ubao unalia. Hizi za kwaya hazinionyeshi kitu."

Nikampa ya harusi. Akaitumbukiza bila kutazama upande. Akazungusha kitufe, akaenda nyuma ya sanduku na patasi mkononi, akalaza sikio kwenye mninga.

Ngoma zikaanza. Nyumba ilijaa. Nilimsikia mama mkwe wangu, ambaye tulikuwa tumemzika, akiimba hapo mbele yangu, nikacheka peke yangu kama mwehu. Halafu ukaja mwano.

Mwili wangu haukungoja akili. Nilishika mchi kutoka kwenye kinu nikageukia mlango kumtafuta mwizi. Ndipo nikaijua sauti. Ilikuwa inasema kwa Kisukuma: wezi, wezi, wako wawili, msiwaache, waueni!

"Sikia hiyo!" Fundi alikuwa amefurahi. "Kama yumo humu ndani!"

"Zima!"

"Eeh?"

"Zima, fundi!"

Hakunisikia. Akatoka nyuma ya sanduku, akaja, akanishika bega ili asogeze sikio mdomoni kwangu. Patasi bado iko mkononi. Hapo ndipo yule mkulima wa mpunga alipofika mlangoni mbio, akakuta mwanaume amenikamata, ana chuma, na sauti yangu inaomba auawe.

Alimpiga rungu la uso. Nilisikia jicho. Sijui niseme vipi, jicho lina mlio wake. Wengine wakaingia, wakamburuta kwa miguu hadi uani, na kichwa chake kikagonga kizingiti palepale pa jino langu. Walikuwa kumi, kumi na wawili, watu waliomcheka juzi kwa utani wake. Rungu, mpini wa jembe, teke. Mmoja alikanyaga mkono wa kulia akausokota kama anazima sigara.

Nilipiga kelele. "Mwacheni! Ni redio! Ni redio!"

Lakini sauti yangu ya kooni ilikuwa ndogo, na sauti yangu ya kwenye sanduku ilikuwa kubwa. Ile ilisema waueni, nao wakaifuata ile. Jirani yangu mmoja, mwanamke mwenzangu, alinikumbatia akanibana. "Pole mayo, pole mama, amekufanya nini?" Nilimng'ata mkono akaniachia.

Nikarudi ndani. Darasa langu ni la nne, kusoma najua, lakini maandishi ya mashine ile yalikuwa ya Kizungu, vitufe vilikuwa vingi, na waya wa umeme ulipita nyuma ya kabati nisikofika. Nilizungusha kimoja, sauti ikapanda. Nje nilimsikia mtu akisema kwa utulivu kabisa, "Leteni panga." Nilikuwa bado na mchi. Nikaipiga amplifaya mara tatu. Mara ya kwanza bati likabonyea. Mara ya pili ekolaiza ikaanguka. Mara ya tatu ikatoa cheche na harufu ya nywele zilizoungua, na nyumba ikanyamaza.

Na wao nje wakanyamaza. Waliinua vichwa, wakanitazama mimi mlangoni, mdomo wangu umefungwa.

"Ni redio," nikasema.

Mwenye panga akauliza, "Redio gani inapiga mwano?"

"Ni harusi ya binti yangu. Wewe ulikuwepo. Ulikimbia na mkuki ukaacha nyama yako ya ubavu juu ya jiwe, mbwa wakala."

Aliikumbuka ile nyama. Niliona anaikumbuka. Akashusha panga. Yule wa rungu akapiga magoti akaanza kumfuta fundi uso kwa shati lake, huku analia kwa sauti kama mtoto.

Tukadhani yameisha. Ndipo tulipousikia. Mbali, upande wa mbuga, mwano. Na mbali zaidi, mwingine. Wangu ulikuwa umeshapokelewa, umeondoka, na haukuwa na wa kuurudisha. Watu walikuwa wanakuja kutoka vijiji ambavyo havikucheza harusi yetu, wanakimbia kwenye jua na mikuki, wamewaka, na mgeni mwenye damu alikuwa ni mmoja tu.

"Mfiche, mayo," akasema yule wa rungu. "Wale hatutaweza kuwaeleza."

Tulimbeba. Chini ya kitanda wangeangalia, na ghalani wangeangalia. Tukamkunja ndani ya sanduku la pili la spika, magoti kidevuni, tukamfunika pamba, nikabana kitambaa cheusi pembe nne. Kabla sijabana ya mwisho alisema kwa midomo iliyovimba, "Mama, usiegemee vanishi. Mbichi." Sijui kama alikuwa anatania.

Walifika. Ua ukajaa, barabara ikajaa. Mwizi yuko wapi, mwizi yuko wapi. Majirani wakasema amekimbia. Amekimbilia wapi? Kila mmoja akaelekeza pake. Wageni wakaona uongo, wakaona damu kwenye kizingiti, wakaanza kuwasukuma wenyeji. Ilikuwa inataka kuwa vita. Na katikati yao akaja mume wangu, anasukuma baiskeli, spika imefungwa blanketi kwenye keria.

Aliingia ndani. Akatazama amplifaya. Nilimwona anahesabu misimu minne.

"Nani?"

"Mimi."

"Fundi yuko wapi?"

Alikuwa tayari anafuata matone ya damu sakafuni kwa macho. Akalaza spika chini taratibu, akaliendea sanduku la pili, akaivuta fremu.

Fundi alikuwa mle, pamba imekuwa nyekundu, jicho moja linatazama. Wakatazamana, yeye na mume wangu. Nyuma yetu mlangoni mtu wa kijiji cha mbali, mkuki mkononi, alichungulia.

"Yumo?"

Mume wangu akarudisha kitambaa. Akabana pembe moja, ya pili, ya tatu, ya nne, kwa kidole gumba, kama fundi alivyomfundisha.

"Hii spika. Hujawahi kuona spika?" Akageukia ua. "Hakuna mwizi. Mke wangu amepiga mwano wa bure."

Kisha akaokota mchi akanitoa nje. Niliinua mkono wa kushoto kukinga kichwa na ndio uliovunjika. Alinipiga mbele yao wote, muda mrefu. Umati uliokuja kuona mtu anapigwa ukaona mtu anapigwa, ukaridhika, ukaanza kutawanyika. Wengine walimwambia, basi, bwana, inatosha.

Miaka yote hii najiuliza alinipiga ili watu wale waondoke, au alinipigia amplifaya. Nadhani vyote viwili, na hata yeye hakujua kimoja kinaishia wapi. Sikumsamehe kimoja kwa ajili ya kingine.

Fundi alipelekwa hospitali alasiri ileile, kwenye baiskeli ya mume wangu, anasukumwa na yule aliyempiga rungu.

Alirudi tulipomaliza kuvuna pamba. Jicho moja halikuwepo na mkono wa kulia haukuwa unafumba vizuri. Sikutegemea kumwona tena. Alisimama uani, akasema milango ya kabati haijaisha.

"Utaweza, fundi, na jicho hilo?"

"Mama, seremala akipima mstari si anafumba moja? Langu limefumbwa moja kwa moja. Nimepumzishwa kazi."

Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umeunga vibaya, haunyooki mpaka leo. Kwa hiyo yeye alisukuma randa kwa mkono wake mzima na mimi nikashikilia ubao kwa wangu mzima. Mume wangu alikuwa ameleta amplifaya nyingine. Alituangalia kwa muda, akaondoka zake kwenda kuangalia ng'ombe.

Tulipofika kwenye sanduku la pili, fundi aliitoa pamba ya zamani, imekauka, ngumu kama ngozi. Nikaichoma. Nikaleta mpya kutoka gunia. Alipokuwa anaipanga nikatoa ile kaseti ya harusi kwenye mkunjo wa kanga, nikaisukuma katikati ya pamba, ndani kabisa. Alinitazama kwa jicho lake.

"Kaza," nikamwambia.

Akachukua bisibisi, akakaza skrubu za nyuma, zote, moja baada ya nyingine.

Mume wangu alikuja kuitafuta kaseti ile, kwa kuwa ilikuwa na sauti ya mama yake. Aliniuliza iko wapi. Nilikuwa natwanga. Akauliza mara ya pili. Niliacha kutwanga, nikamtazama, mchi uko kwenye mkono wangu mzima.

Hakuuliza mara ya tatu.