Uvivu wa Mume wa Mama Geuka

Hospitalini walimwita Mama Geuka. Kwa miaka ishirini na mbili alikuwa akipima watu mioyo kwa mashine ya picha, na wimbo wake ulikuwa uleule: "Geuka kidogo, mpenzi. Hapo hapo. Usipumue." Hakuna moyo uliompita hivi hivi, isipokuwa mmoja, na huo alilala nao kitanda kimoja.

Mumewe, fundi saa mstaafu, alikuwa na tabia mpya. Kila akisimama kwenye sinki kuosha vyombo, anashikwa na kizunguzungu na kukosa pumzi. Akijilaza kwenye kochi, anapona.

"Ugonjwa wenye akili huo," mkewe alimtania. "Unajua hadi zamu ya vyombo ni ya nani!"

Mzee wa watu akacheka, akarudi kuosha huku ameegemea ukuta. Ikawa hivyo miezi miwili.

Siku moja akampelekea mkewe hospitalini miwani aliyoisahau nyumbani. Kufika mlangoni, kizunguzungu kikamyumbisha. Mama Geuka akamdaka, akamlaza kwenye kitanda cha wagonjwa, akampaka jeli kifuani. "Geuka kidogo," akasema, kisha akaisogelea skrini.

Ndani ya moyo, uvimbe mkubwa kama yai ulikuwa ukining'inia kwa kikonyo. Alipomketisha, ulishuka ukaziba njia ya damu. Alipomlaza, ulirudi nyuma, damu ikapita. Kumbe mzee hakuwa akitegea kazi hata siku moja.

"Kwa sura yake si saratani," daktari mpasuaji aliwaambia. "Ni nadra, lakini tunaujua. Ila tukiuacha, siku yoyote unaweza kuziba kabisa. Kesho tunausimamisha moyo, mashine inasukuma damu, tunakata uvimbe pamoja na mzizi wake."

"Mnausimamisha, mnaufungua, mnauwasha tena," fundi saa alisema. "Kazi hiyo naijua. Saa zangu zote zilirudi kutembea." Akamtazama mkewe. "Karibu zote."

Mama Geuka hakucheka. Alilia waziwazi, akamwomba msamaha kwa kila sahani.

Upasuaji ulichukua saa tano, na moyo ukakubali kuwaka. Miezi mitatu baadaye alimkuta mumewe kwenye sinki, mikono imejaa povu, anapiga mluzi.

"Toka hapo, nitaosha mimi."

"Niache, mke wangu. Sina kisingizio tena."

Mama Geuka akamkumbatia kwa nyuma, akaweka sikio mgongoni, akasikiliza.

"Nigeuke?" mzee akauliza.

"Hapana," akasema. "Simama hivyo hivyo."