Msimu Bi Salima Alipokaukiwa na Sauti

Mpunga unapoanza kutia maziwa hutoa harufu ambayo mpaka leo sijaipata kwenye chupa yoyote ya manukato, na maduka ya Kibiti nimeyanusa yote. Ni harufu ya uji ambao haujapikwa, iliyochanganyika na tope la mikoko ambalo, maji yakitoka, hunuka kama yai lililotagwa zama za Mjerumani. Kwetu Salale, kule delta, harufu hiyo ikifika, watoto tulijua kazi imekuja: kupanda madungu, vile vibanda vya miti vilivyoinuliwa katikati ya mashamba, na kuamia ndege kutwa. Kwelea walikuja kwa wingi mpaka jua likaomba ruhusa ya kupita. Tuliwafukuza kwa kombeo na makopo, na zaidi ya yote kwa ukelele mrefu wa kuvutwa, unaotoka tumboni, kila dungu na wake.

Katika ukelele huo mimi, Mwanahawa, sikuwa na mpinzani. Nikipiga mmoja, ndege walihama kata. Lakini nikishuka chini kuongea na binadamu, neno lilinikwama kooni kama mwiba wa samaki hongwe. Nikiomba maji, kiu ilipona yenyewe kabla sijamaliza ombi. Nilinyweshwa kombe, yale maji ya aya zilizooshwa, la kila shehe wa delta mpaka tumbo langu likawa chuo, na kigugumizi kikabaki palepale. Watu hawakunionea. Walinihurumia, na huruma yao ndiyo iliyonimaliza, maana kila nilipoanza neno, mtu alinimalizia. Nilitumwa chumvi nikarudi na sukari, kwa sababu muuza duka alinihurumia upesi mno.

Mwaka uliotangulia msimu huu ninaousimulia nilipelekwa kuandikishwa shule. Kipimo cha umri nilikipita: mkono ulipita juu ya kichwa ukagusa sikio bila shida. Kisha mwalimu akaniuliza jina. Nilihangaika nalo mpaka akachoka, akasema nirudishwe nyumbani nikakomae. Baba mkubwa, aliyetulea tangu marehemu baba atutoke, akakata shauri: nikishindwa tena mwaka huu, basi, nitabaki shambani, kwa kuwa kwelea hawaulizi mtu jina. Watu wakacheka. Mama naye alicheka, kisha nikamwona anajifuta macho kwa pindo la kanga.

Mgeni njoo, mwenyeji apone. Msimu huohuo boti ya kliniki ya mkoba ilileta wauguzi wa chanjo, na pamoja nao mwanamke mwembamba kutoka Kibiti, Bi Salima, ambaye kazi yake ilikuwa kuwasaidia watu wenye shida ya kusema. Hatukujua kama kuna kazi ya namna hiyo. Alikuwa amenisikia tangu mtoni, akauliza ile sauti kubwa ni ya nani. Alipoambiwa ni ya yule mtoto asiyeweza kusema, aliomba kubaki kwetu wakati boti ikizunguka visiwa vingine.

Basi mtaalamu mzima akavua viatu, akapanda dungu, akaamia ndege nami. Hakunifungua mdomo wala kunichungulia ulimi. Alinifundisha kuanza neno kwa pumzi ileile ya ukelele, nilivute polepole, kila siku kwa sauti ndogo zaidi, mpaka tukawa tunawafukuza kwelea kwa adabu kama wageni waliokaa sana: "Jaaamani, nendeni kwenu." Kwelea hawakutuelewa, wakala robo ya shamba, na mama akawaachia. Ila Bi Salima naye alipenda kupiga ukelele wa nguvu, na koo lake la mjini halikuzoea. Siku ya kuzungumza na wazazi ilipofika, yeye, fundi wa sauti, hakuwa na sauti hata ya kumfukuzia inzi.

Mkutano ulikuwa kwenye banda la kupimia kamba waliovuliwa, na Salale nzima ilikuja, nadhani hata waliokwisha kufa. Bi Salima alinong'ona sikioni mwangu, akaashiria niseme. Baba mkubwa alikaa mbele, mkongojo magotini. Nilijua nikianguka hapa, na shule imeanguka. Nikaanza kwamba Bi Salima anasema, na hapohapo nikakwama.

Sasa, watu wa Salale wamehubiriwa afya miaka mingi, na kila ajaye na boti huja na yaleyale. Wakaanza kunisaidia. Mmoja akasema tuchemshe maji ya kunywa. Bi Salima akatikisa kichwa. Mwingine akasema tulale kwenye chandarua. Akatikisa. Tuchimbe vyoo, tunawe mikono, tuzae kwa mpango. Alitikisa kichwa mpaka ushungi ukamteleza. Hatimaye mahubiri yote waliyoyajua yakawaishia, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu, watu wakanyamaza kwa ajili yangu. Nikavuta pumzi ya tumboni.

"Aaanasema, mtoto aaasimaliziwe neno lake."

Nilimtazama baba mkubwa, naye alikuwa anatazama ardhi. Kisha akasema, "Endelea, mama. Maji tunayangoja yajae, seuze wewe."

Nikaendelea. Nilichukua muda ambao mtu angevuna, angepura na kukoboa, lakini nilimaliza. Shule zilipofunguliwa, baba mkubwa alinipeleka mwenyewe. Mwalimu aliponiuliza jina, na kutaka kunisaidia, mkongojo ukainuka kidogo. Jina langu siku ile lilikuwa refu kutoka Salale mpaka Ngarambe, nami nililitaja lote.

Juzi hapa Bi Salima amestaafu, na Kibiti wakamfanyia hafla ya kumshukuru kwa utumishi wake. Ukumbi ulijaa watu aliowahi kukaa nao: wazee waliopooza wakarudi kusema, watoto wenye vifaa masikioni, na mimi, niliyemaliza kidato cha nne kwa masomo ya usiku nikiwa na wajukuu wawili, na kuongea siku hizi siachi hata nikilipwa. Niliombwa nitoe neno. Nilipofika kwenye jina lake, likakwama, kwa sababu kigugumizi hakikuondoka kamwe, tulizoeana tu. Mshereheshaji, kijana wa Dar mwenye ulimi wa cherehani, akanisogelea na kipaza sauti ili anisaidie. Bi Salima akainua mkono mmoja tu, na yule kijana akarudi nyuma.

Zamani zile watu walikuwa na muda tele wala hawakujua kwamba mtu anaweza kupewa muda. Leo wanajua, ila muda hawana. Hata ujumbe wa sauti wa mama zao wanausikiliza kwa mwendo wa mbio. Lakini mchana ule simu ziliwekwa chini, vijiko vikatulia kwenye pilau, na watu wa mjini wakaningoja. Nikalivuta jina lake taratibu, kuanzia mwanzo, likatoka lote.